Mashine Isiyoitikia

Mezani nyumbani kwao, Kalangalala, kile kidude kilikuwa na adabu zake. Noela akibonyeza kitufe mara moja, mota ya majaribio inazunguka kuvuta. Akibonyeza mara mbili, inazunguka kinyume, kushusha. Mara tatu, inasimama. Arudie asubuhi, arudie jioni, jibu ni lile lile, mpaka mama yake akamwambia aache kumaliza umeme wa watu kwa kitu kilichokwisha kukubali. Sasa kipeleke duarani, kwenye shimo la wachimbaji, mbele ya wanaume waliokunja mikono, ndipo utajua kwamba mashine nazo zina roho mbaya.

Siku ya jaribio la kwanza, kaka yake, Davis, alishuka kwa ngazi za matimba, yale magogo yanayoshikilia kuta za shimo, mpaka chini kabisa, akajaza mawe kwenye ndoo ya chuma, akabonyeza kitufe kilichoteremshwa kwa waya. Juu kimya. Theonest, meneja wa lile duara, aliinamia winchi akiitazama mota. Mota haikusogea. Mara ikaguna, ikaanza kuzunguka, watu wakashangilia. Kumbe inazunguka kinyume! Badala ya kuvuta ndoo ikawa inamwaga kamba shimoni, yote inamwangukia Davis kichwani.

"Nimesema vuta!" Davis alipiga kelele kutoka chini. "Nimebonyeza moja! Mnanifunga kamba mimi mbuzi?"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Noela alichomoa waya wa betri kwa hasira. Alikuwa ametumia likizo yake nzima ya chuo kule Shinyanga kuitengeneza ile mashine, na mashine imemlipa fedheha.

Baba yao, Mzee Mayala, hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye gogo lake karibu na mdomo wa duara, pale pale anapokaa siku zote. "Nipisheni nimtoe mtoto," alisema. Akaiokota kamba nyembamba, akaizungusha vidoleni, akaweka mkono wa pili kwenye swichi ya winchi, na baada ya muda ndoo ikapanda vizuri, ikifuatiwa na Davis mwenyewe, mwekundu kwa vumbi, anatukana.

Pale duarani mambo yalikwenda kwa kamba mbili. Kamba nene ndiyo ya kazi, inabeba mawe na watu. Kamba nyembamba ni ya kuongea. Aliye chini akiivuta mara moja, maana yake nipandishe. Mara mbili, nishushe. Mara tatu, simama hapo hapo. Mzee Mayala alikuwa anaisikiliza kwa vidole, anajibu kwa kuivuta vile vile alivyovutwa, ndipo anawasha winchi. Miaka yote aliyokaa kwenye lile gogo hakuna mtu aliyeumia kwenye kamba yake. Vijana wakitoka maduara mengine wakija kuomba kazi pale, swali lao la kwanza lilikuwa ni kama Mzee Mayala bado yupo. Akiwepo, wanavua viatu wanashuka bila wasiwasi.

Noela ndiye peke yake aliyekuwa na wasiwasi. Wakati likizo inaanza alimwona baba yake jikoni akishika sufuria iliyotoka motoni. Aliishika kwa mkono mtupu. Akaibeba taratibu, akaitua mezani, akaendelea na habari zake za mpira na kumsema refa. Noela alisikia harufu ya ngozi kabla baba mwenyewe hajajua. Alipomshika mkono amwangalie, mzee aliuchomoa.

"Mikono ya mchimbaji ni migumu, mama," alisema. "Hata wewe ungechimba ungekuwa hivi."

Migumu! Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Siku nyingine Noela alimgusa kidole gumba kwa nyuma akijidai anamtoa uzi wa shati, mzee hakushtuka wala hakugeuka. Kila asubuhi alikuwa anakwenda kukaa kwenye gogo, anafunga kamba kwenye vidole visivyosikia, na Davis anashuka chini yake.

Angesema kwa nani? Akimwambia Davis, patachimbika, kwa sababu Davis akikasirika hachagui mtu. Akiwaambia watu wa duara, atakuwa amemvua baba yake nguo hadharani, mzee ambaye hana kingine cha kujivunia zaidi ya ile kamba. Akimwambia baba mwenyewe, anajibiwa habari za mikono migumu. Ndipo akaona bora alete mashine. Mashine ikikubaliwa, baba anapumzika kwa heshima zake, watu wanasema ni maendeleo, na hakuna anayejua zaidi. Ikikataliwa, baba anarudi kwenye kamba mpaka siku atakapomuua mtu. Hesabu ilikuwa hiyo, na Noela aliibeba peke yake.

Jioni ya jaribio la kwanza alimkalisha Davis mezani. "Nieleze ulivyofanya. Usiongeze chumvi."

"Nilibonyeza moja, mashine yako ikasikia mbili. Mimi niongeze chumvi ya nini? Haina akili hiyo."

"Ndiyo, haina," Noela alisema kwa ukali. "Hilo ndilo ninalokwambia kila siku hunielewi. Haina akili hata kidogo. Humu ndani hakuna neno vuta, hakuna neno shusha, hakuna Davis. Kuna umeme upo au umeme haupo, basi. Upo, naandika moja. Haupo, naandika sifuri. Ukibonyeza, waya huu unapata umeme, sifuri inakuwa moja. Ukiachia, moja inarudi sifuri. Mimi ndiye niliyeiambia kwamba ukiona moja imekuja mara moja, wewe ita hiyo kuvuta. Ningeiambia kwamba hiyo ni kucheza ngoma, ingecheza."

"Sasa si uiambie vizuri."

"Nimeiambia vizuri!" Akamgeuzia kompyuta. "Inasoma mstari wa juu, inafanya. Inashuka wa pili, inafanya. Hairuki, haijiongezi, haimwonei mtu huruma. Mstari huu unasema hesabu mibonyezo. Huu unasema ngoja kimya, mtu akimaliza kubonyeza. Huu unasema kama ni moja vuta, kama ni mbili shusha, kama ni tatu simama. Kosa liko wapi hapo? Nionyeshe!"

Davis aliangalia ile mistari, akasonya, akaenda kuoga.

Mzee Mayala alikuwa kibarazani anasikia yote. Tangu Noela alipoileta ile mashine duarani mara ya kwanza, alikuwa hamsemeshi. Alimwambia neno moja tu siku ile, "Umenitafutia mbadala," akafunga mdomo. Noela aliumia, lakini hakuwa na nafasi ya kuumia vizuri, maana mashine ilikuwa imemjaa kichwani.

Akajishauri, akaona amepata kosa. Alikumbuka walivyofundishwa chuoni: kitufe ukikibonyeza, vyuma viwili vya ndani havigusani mara moja vikatulia. Vinadundadunda kwanza. Mtu hawezi kuona wala kuhisi, lakini kompyuta inakiangalia kitufe mara nyingi mno kabla hujapepesa jicho, kwa hiyo kila kidundo inakiona na inakihesabu. Wewe umebonyeza mara moja, yenyewe imeona utitiri. Dawa yake ni kuiambia ikiona mguso ipumzike kidogo, vyuma vitulie, ndipo iangalie tena. Alikuwa ameshaiweka hiyo dawa, ila akasema labda ni ndogo, kule chini kuna tope na maji. Akaiongeza. Akaongeza pia ule muda wa kungoja kimya kabla ya kutenda, ili kusiwe na haraka. Akajaribu mezani, ikakubali. Akajaribu tena, ikakubali. Akakilowesha kitufe maji, akakipaka tope la uani, mama yake akamwangalia kama mgonjwa. Ikakubali.

Jaribio la pili lilikuwa baya kuliko la kwanza. Davis alishuka, akajaza ndoo, akabonyeza. Juu, Noela alikuwa amechuchumaa na kompyuta mapajani, anangoja kioo kimwonyeshe hesabu. Kikaandika tatu. Tatu! Mota ikakaa kimya kama ilivyoagizwa. Watu wakangoja. Jua linawaka, jenereta linanguruma bure, mawe yako chini.

"Davis!" Noela aliinama shimoni akapiga kelele. "Umebonyeza tatu!"

"Nimebonyeza moja!"

"Nimeona mwenyewe, ni tatu!"

"Moja, Noela! Moja! Mimi siwezi kuhesabu mpaka moja?"

"Unanidanganya kwa faida gani, Davis? Nakuuliza!"

Vijana walikuwa wamekaa chini kwa kicheko. Mwigulu, ambaye kazi yake ni kupokea ndoo ila mdomo ndio anaoutumia zaidi, akasema alishawaambia kwamba mwanamke kusogelea mdomo wa duara si jambo la kuchezea, sasa wanaona wenyewe, mawe yanakataa kutoka. Noela alimgeukia.

"Mawe hayajakataa, wewe. Kilichokataa ni kitufe, na kitufe hakijui nani mwanamke."

"Haya, mama fundi," Mwigulu alisema, "kiombe msamaha basi."

Theonest hakuwa mtu mbaya. Alimsogeza Noela kando, akavua kofia, akajikuna. "Dada yangu, mimi nilikubali kwa sababu umesoma na kwa sababu ni binti wa hapa. Lakini nina watu wanasimama. Nakupa Jumamosi. Ikigoma Jumamosi naing'oa, na nisiisikie tena. Si kwamba tuna shida. Mzee Mayala anatutosha."

Noela alifungua mdomo. Maneno yalikuwa tayari pale kwenye ulimi: huyo mzee unayesema anawatosha hasikii kitu. Akamwona baba yake anaizungusha kamba vidoleni, taratibu, huku anaiangalia, maana asipoiangalia hajui kama ameishika. Mtu mwingine angeona ni umakini. Noela akafunga mdomo, akasema, "Sawa, Jumamosi," akakusanya waya zake.

Siku zilizofuata aligombana na ile programu kama watu wanavyogombana na mkwe. Aliifuta akaiandika upya. Alibadilisha kitufe. Alibadilisha waya. Alikaa kibarazani tangu asubuhi akihoji mstari mmoja mmoja, huu unafanya nini, huu unafanya nini, na kila mstari ulijibu kwa unyoofu kabisa kwamba unafanya kile alichouambia. Hapo ndipo pa kulilia. Mtu akikosea unaweza kumshika shati. Hiki hakikosei! Kinatii, kinatii, kinatii, na utii wenyewe unakuangamiza. Alikiita mjinga, alikiita mchawi, alikipiga kofi kile kiboksi mpaka kifuniko kikaruka chini ya kuku. Akaenda kukiokota huku analia kwa hasira, na kuku wanamdonoa.

Ijumaa asubuhi alikuwa bado pale, macho yamevimba, mzee alipotoka ndani kwenda kazini.

"Shikamoo baba," Noela alisema.

Mzee akapita, akainama kuvaa viatu vyake.

"Shikamoo baba."

Mzee akafunga kamba za viatu kwa shida, akasimama, akaondoka bila kugeuka. Mama yao alikuwa anafagia uwanja, akaegemea fagio.

"Na wewe muache mzee wa watu. Unamwamkia mara ngapi?"

"Nimemwamkia mara moja tu, mama, si hataki kuitikia!"

"Mara moja? Mimi nimesikia mbili."

"Mbili wapi? Ni ile ile, nimerudia kwa sababu hajai..."

Hakumaliza. Mama yake alidhani amepaliwa.

Ni ile ile! Davis hakuwa anadanganya, masikini. Amezoea kamba tangu ameanza kuota ndevu: unavuta, baba anakuvuta, unajua amesikia. Usipojibiwa unavuta tena, na hakuna mtu duniani anayehesabu hiyo kuwa ya pili. Ni shikamoo ile ile inayotafuta marahaba yake. Sasa Davis amebonyeza kitufe, kitufe hakisemi kitu. Amengoja. Kimya. Akabonyeza tena, kwa hesabu zake bado ni moja. Mashine ikaandika mbili, kwa hesabu zake ni mbili kweli. Noela naye kwa ujuzi wake wote akaenda kuongeza muda wa kungoja, yaani akaongeza kimya, Davis akarudia zaidi, ikawa tatu. Dawa yake ndiyo iliyokuwa inazidisha ugonjwa. Mezani haikugoma kwa sababu mezani anayebonyeza ni yeye mwenyewe, na yeye anajua mashine imo humo inahesabu. Davis atajuaje, yuko chini ya ardhi gizani?

"Mjinga mimi," alisema. "Mjinga, mjinga, mjinga."

"Hilo nimekwambia tangu juzi," mama yake alisema, akaendelea kufagia.

Mistari iliyohitajika haikuwa mingi. Akatafuta kipaza sauti kidogo chenye mlio mkali, cha kufungwa kule chini kando ya kitufe. Akaiagiza mashine: ukiona mguso, lia hapo hapo, usingoje chochote. Ukishahesabu, rudia kwa mlio hesabu uliyoipata, moja kwa moja, mbili kwa mbili, aliye chini asikie umemwelewaje. Ndipo utende. Kama umemsikia vibaya, abonyeze tena, nawe uache ulichotaka kufanya, uanze upya. Ndiyo kazi aliyokuwa anaifanya baba kwa vidole, alipokuwa na vidole. Akaiandika kwa mkono mzito, maana hakukuwa na raha ndani yake. Kila mstari ulikuwa kitu kimoja zaidi ambacho baba yake hatahitajika kukifanya.

Jumamosi watu walijaa, maana Mwigulu alikuwa ameshatangaza kwamba kuna sinema. Davis alishuka, akajaza ndoo. Kutoka shimoni ukasikika mlio mmoja, mkali. Kimya kidogo. Mlio mmoja tena, mashine inarudia. Kisha mota ikavuta, na ndoo ikaja juu imejaa mawe, ikasimama pale pale inapotakiwa. Ikashuka. Ikapanda. Davis akaanza kuichezea kule chini, anaiambia simama katikati ya safari, inasimama, shuka, inashuka, na anacheka kwa sauti kubwa.

"Inaitikia!" alipiga kelele. "Noela! Hii sasa ina adabu!"

Vijana waliacha kutania. Theonest aliizunguka winchi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Mawe imebeba," alisema. "Bado mtu. Davis, panda ndoo uje nayo."

"Davis asipande ndoo," Mzee Mayala alisema.

Alikuwa amesimama. Watu wote wakamgeukia, maana tangu asubuhi alikuwa hajasema neno.

"Apande kwa ngazi, aje juu. Ndani ya ndoo nitaingia mimi. Mtu wa kwanza kuning'inia kwenye hiki kitu hatakuwa mtoto wangu. Na kama kinaitikia, nataka kiniitikie mimi."

"Baba," Noela alisema, "acha ashuke mwingine."

"Kwa nini?"

Alimwangalia machoni kwa mara ya kwanza tangu ugomvi uanze. Noela alikuwa na jibu, na hakuweza kulitoa mbele ya watu. Ataje kwamba kitufe chenyewe ni kidogo, kinataka kidole kinachojua kimegusa? Ataje kwamba mzee hatajua kama amebonyeza au hajabonyeza? "Basi tu," alisema.

"Basi tu si sababu," mzee alisema, akavua koti.

Davis alipofika juu walimshusha mzee, Noela mwenyewe akiendesha kwa kompyuta, kamba nene inaingia shimoni polepole mpaka ikalegea. Amefika. Sasa ikawa kazi yake kubonyeza, na hakuna kilichosikika. Jenereta likanguruma. Mtu mmoja akakohoa. Noela aliangalia kioo: sifuri, sifuri, sifuri. Alimwona kwa mawazo kule gizani, anapapasa ukuta kwa vile vidole.

Kisha mlio. Mlio. Mlio. Mashine ikarudia: tatu. Simama. Mota ikakaa kimya.

"Simama ya nini wakati hajaondoka?" Theonest aliuliza.

Milio mitatu tena. Mashine ikarudia tatu. Kimya. Tatu tena. Ikawa hivyo, mzee anaita, mashine inaitikia, winchi haisogei, mpaka watu wakaanza kuangaliana.

"Imeganda hiyo," Mwigulu alisema, na safari hii hakuwa anatania. "Mzee atakosa hewa kule. Vuteni kwa mkono!"

"Haijaganda," Noela alisema. "Anasema simama, imesimama."

"Labda anataka vuta, mkono umeteleza. Mvute, Noela!" Davis alikuwa ameshaishika kamba nene. "Mvute nakwambia!"

Noela alikuwa na kidole juu ya kibonyezo cha kompyuta. Angeweza kumvuta mara moja. Lakini kama mzee ametoa mguu mmoja nje ya ndoo je? Kama ameinama? Hakujua, na kwa kutojua huko hakuthubutu. "Sivuti mpaka aseme," alisema. "Davis, achia hiyo kamba. Achia!"

Davis akaachia, akamtukana, akazunguka duara zima akarudi. Kutoka shimoni ikaja tena tatu, ikaitikiwa tatu.

Halafu mlio mmoja. Mashine ikarudia mmoja. Mota ikaguna, kamba ikakaza, na Mzee Mayala akaja juu amekaa ndani ya ndoo wima kabisa, mikono magotini, vumbi kwenye nyusi. Vijana walimpokea kwa makofi. Theonest alimshika bega amsaidie kutoka. "Mzee, umetutisha! Ulikuwa unafanya nini huko?"

"Nilikuwa naiuliza," mzee alisema. "Nilitaka nione itachoka lini." Akapangusa uso. "Haichoki. Na haiotei. Kila nilipoita imesema kile nilichoita, wala haikuongeza lake."

"Kama wewe mwenyewe, mzee wetu," Mwigulu alisema.

"Hapana." Mzee Mayala alitazama mikono yake, akaigeuza juu, akaigeuza chini. "Mimi nilikuwa naotea. Vidole hivi havisikii. Naangalia kamba ikitikisika, naangalia mtu amekaa chini muda gani, nasema huyu sasa atakuwa anataka kupanda. Navuta. Mmekuwa mkipanda."

Makofi yalikuwa yamekwisha. Theonest aliondoa mkono wake begani kwa mzee kabla hajajua kwamba ameuondoa. Noela alikuwa ameililia siku hii, kwamba mtu aseme, na sasa alitamani baba yake anyamaze, arudi kwenye gogo, aongee habari za mpira.

Davis alisogea mpaka akawa mbele ya baba yake. "Jana nilikuvutia mbili," alisema. "Nilikuwa kwenye ukingo, jiwe limelegea juu yangu, nikataka unishushe haraka. Ukanijibu mbili."

"Niliotea."

"Na juzi, mguu wangu ulipokuwa umebanwa kwenye timba? Nilikwambia simama."

Mzee Mayala akainama kuokota koti lake.

"Baba. Na juzi?"

"Davis," mzee alisema, "usiniulize moja moja."

Theonest alikwenda kulizima jenereta. Siku ile hakuna aliyeshuka tena, si kwa kamba wala kwa mashine.